Je, Shabiki wa Ingwe Aishangilie Gor?

Alasiri moja ya Septemba 2024 nilikuwa nimeketi katika kibanda cha chai mtaani Dallas, hapa mjini Embu, nikifuatilia pambano la Gor Mahia na Al Ahly ya Misri katika mchujo wa Ligi ya Mabingwa wa Afrika. (Dallas hii yetu haina udugu wowote na ule mji wa Texas ila jina tu.) Kando yangu aliketi kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, amevaa jezi ya kijani. Alifahamu fika kwamba mimi ni mtu wa AFC Leopards tangu utotoni, akaniuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, leo uko upande gani?" Nikamjibu kwamba mimi ni Mkenya. Muda si mrefu habari ya bao la kwanza la Wamisri ikatufikia, na kabla sijapata nafasi ya kujizuia, moyo wangu ukaruka kwa furaha.

Kijana aliuona uso wangu. Hakusema neno. Al Ahly ilimaliza kazi kwa mabao matatu kwa bila hapa Nairobi, ikarudia hesabu iyo hiyo kule Cairo. Lakini jambo lililonisumbua usiku ule halikuwa idadi ya mabao. Nilijiuliza jibu langu lilikuwa na thamani gani ikiwa moyo wangu ulilikana mara moja.

Wako watakaoniambia kwamba suala lenyewe ni jepesi. Timu ya nyumbani ikicheza na wageni, kila mwananchi yampasa kuiunga mkono. Asiyefanya hivyo si mzalendo. Hoja hii hurudiwa mno redioni na hata katika midahalo ya shule zetu, na aghalabu anayeitoa hushangiliwa kabla hajamaliza sentensi. Mimi naiona kuwa hoja dhaifu. Klabu si taifa. Gor Mahia haiimbiwi wimbo wa taifa inapoingia uwanjani, na wachezaji wake hawakuchaguliwa kwa niaba yangu. Isitoshe, baadhi ya wachezaji walioipa klabu hiyo sifa si Wakenya kamwe. Bao lililoisawazishia Gor dhidi ya Everton mjini Dar es Salaam, Julai 2017, lilifungwa na Mnyarwanda, Jacques Tuyisenge.

Majirani zetu wa Tanzania walilionja tatizo hili kwa ukali zaidi. Mwezi Machi 2024 Simba na Yanga zote mbili zilikuwa katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Simba ikiikaribisha Al Ahly na Yanga ikiikaribisha Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini. Mashabiki wa kila upande walikuwa wamekwisha kujiandaa kuwashangilia wageni wa mwenzao, na waziri wa michezo wa wakati huo, Bwana Damas Ndumbaro, akaonya hadharani kwamba Mtanzania atakayevaa jezi ya wageni huenda akaulizwa pasi ya kusafiria ya nchi hiyo. Watu walicheka, wengine walikasirika. Hatimaye timu zote mbili ziliondolewa, Yanga kwa mikwaju ya penalti baada ya dakika 180 bila bao. Ulimi waweza kuamriwa kuimba, lakini sijapata kusikia serikali iliyofaulu kuuamuru moyo.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo ya Waafrika. Vijana wa Dallas wanaovaa jezi za Arsenal wanakumbuka tarehe 14 Mei 2024, siku Tottenham ilipocheza na Manchester City. Tottenham ikipata ushindi au hata sare, Arsenal, jirani yake wa kaskazini mwa London, ingepata nafasi kubwa ya kutwaa ubingwa. Baadhi ya mashabiki wa Tottenham waliomba timu yao wenyewe ishindwe! City ilishinda mawili kwa bila, na kocha Ange Postecoglou hakuficha hasira zake juu ya watu wa nyumbani kwake. Hapo ushabiki ulikuwa umepinduka miguu juu kichwa chini: chuki ya jirani ilikuwa imeyashinda mapenzi ya mtu kwa timu yake.

Hata hivyo, sisi Wakenya tuna mzigo ambao Mwingereza wa Tottenham hana. Leopards ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya, na Gor Mahia ilizaliwa 1968 kutokana na kuunganishwa kwa timu za Waluo. Ilipofika 1980 serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe katika michezo. Abaluhya ikawa All Footballers Confederation, yaani AFC, na Gor nayo ikatafutiwa maneno ya Kiingereza ya kuzifunika herufi zake, ikaitwa Gulf Olympic Rangers. Jina hilo la pili halikudumu vinywani mwa watu. Kwa hivyo ninapofurahia kushindwa kwa Gor, sina hakika daima kama ni mpira unaoniongoza au ni kitu kingine nilichorithi bila kukichunguza. Huo ndio wasiwasi wangu wa kweli. Shabiki wa Simba akimcheka wa Yanga, yamkini wametoka kijiji kimoja na kabila moja. Mimi nikimcheka wa Gor katika mwaka wa uchaguzi, kicheko kile kile chaweza kusikika kwa maana nyingine kabisa, hata kama sikuikusudia.

Na kuishi Embu kumenifungua macho. Hapa mimi na yule kijana wa jezi ya kijani sote ni wageni. Wenyeji, Waembu na Wambeere, hututazama tukibishana juu ya Ingwe na K'Ogalo kama watu wanaotazama ugomvi wa nyumba ya jirani kupitia uani. Mama mwenye kibanda aliwahi kutuuliza kwa nini tusigombane tu juu ya Arsenal kama watu wengine.

Nirudi nyuma kidogo. Tarehe 5 Desemba 1987, Jumamosi, Gor Mahia ilirudiana na Esperance ya Tunisia katika fainali ya Kombe la Washindi, lililokuwa likiitwa Kombe la Mandela. Walikuwa wametoka sare ya mabao mawili kwa mawili kule Tunis. Nilikuwa mwanafunzi, likizo imeanza, na nyumbani kwetu redio ilikuwa moja, ya baba. Marehemu baba alikuwa Ingwe damu. Siku hiyo dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea pamoja na mumewe, Mluo wa Siaya, mtu mpole aliyempenda Peter Dawo karibu sawa na alivyompenda dada yangu. Matangazo yalipoanza baba aliinuka, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa wamekwisha kufungwa.

Tuliketi na shemeji tukisikiliza. Bao likaingia, likarudishwa, ikawa moja kwa moja, na dakika za mwisho zikawa ndefu kama mwaka. Filimbi ilipolia na Gor kutawazwa bingwa kwa mabao ya ugenini, shemeji alitoka nje akasimama uani peke yake, kwa kuwa ukweni mtu hapigi kelele. Baba akatokea zizini. Akamuuliza, "Shemeji yako amesema mmeshinda?" akininyoshea kidole mimi, kana kwamba hakuweza kulitamka swali moja kwa moja. Shemeji akajibu, "Tumeshinda, baba." Baba akampa mkono, akamwambia mama achinje kuku. Kisha hakuzungumza tena habari za mpira hadi walipoondoka kesho yake.

Kwa miaka mingi nilidhani baba alikwenda zizini kwa sababu ya wivu. Siku hizi nafikiri alikwenda kwa sababu hakutaka kudanganya. Asingeweza kuishangilia Gor, na hakutaka mkwewe amwone akiiombea mabaya. Kombe lile hadi leo ndilo la pekee la bara lililowahi kutwaliwa na klabu ya Kenya, na baba hakusikiliza hata dakika moja ya mchezo wenyewe. Hasara aliipata yeye.

Sasa niseme la hesabu, kwa kuwa naona mashabiki wenzangu wa Leopards hawalitii maanani. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, hugawa nafasi za mashindano ya klabu kwa kutazama alama zilizokusanywa na klabu za kila nchi katika misimu mitano, msimu wa karibuni ukihesabiwa kwa uzito zaidi. Nchi 12 za kwanza huingiza klabu nne kila moja; nyingine huingiza mbili tu. Tanzania imo katika kundi la kwanza kwa jasho la Simba na Yanga hasa, na katika msimu wa 2025/26 Azam na Singida Black Stars zilicheza Kombe la Shirikisho kupitia mlango uliofunguliwa na wakubwa hao. Kenya msimu huo huo ilikuwa na nafasi mbili. Kwa maneno mengine, mabao yale sita ya Al Ahly hayakuiumiza Gor peke yake. Yaliipunguzia pia Leopards nafasi ya kusafiri hata ikimaliza ligi katika nafasi ya pili au ya tatu. Na kwa klabu ambayo baada ya ubingwa wa 1998 ilipitia ukame wa miaka zaidi ya ishirini, hilo si jambo la kupuuzwa. Niliruka kwa furaha siku nilipokuwa nikiibiwa.

Hata hivyo sitaki kudai kwamba hesabu yatosha. Oktoba 2025 Nairobi United, klabu iliyokuwa imepanda daraja mwaka uo huo, iliiondoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa penalti na kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho. Niliifurahia bila kinyongo, na sikusikia yeyote Dallas aliyenung'unika. Lakini furaha ile ilikuwa nyepesi, kwa sababu Nairobi United haikupata kunikosesha usingizi. Ni rahisi kumpongeza mtu asiyekuwa chochote kwako. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yanayowahusu wanaocheza ligi za nyumbani pekee, Alphonce Omija, beki wa Gor, alipoifungia Harambee Stars bao dhidi ya Madagascar katika robo fainali, nilisimama juu ya benchi. Tulishindwa kwa penalti, na nilihuzunika pamoja na watu ambao mwezi uliotangulia nilikuwa nikiwabeza.

Watanzania huziita Simba na Yanga watani wa jadi. Sisi pambano letu tunaliita la mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana vizazi na vizazi. Ninawaomba walimu wa Kiswahili wayapime maneno haya mawili pamoja na wanafunzi wao, maana hayafanani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata matangani, bali hana ruhusa ya kukosa kufika. Shemeji naye ana heshima ya kutunza: hakuimbii usipotaka kuimbiwa, lakini hakutakii msiba, maana watoto wa dada yake wanalala katika nyumba hiyo. Shabiki anayevaa jezi ya Wamisri ili kumkera mwenzake ameuvunja utani na ushemeji vyote viwili. Anayekaa kimya, au anayekwenda kuangalia ng'ombe waliokwisha kufungwa, hajavunja lolote.

Mimi nataka kwenda hatua moja mbele ya baba, lakini si mbili. Nimekwisha kumwambia yule kijana kwamba siku Gor itakapocheza tena na klabu ya nje nitakuja kibandani mapema, nitaketi kando yake, na sitafurahia bao la mgeni. Likiniponyoka kama lilivyoniponyoka siku ile, nitamwomba radhi mbele za watu. Gor ikifunga nitapiga makofi, ya kukaa, si ya kusimama. Jezi ya kijani sivai. Wiki itakayofuata, ikiwa ni zamu ya mashemeji, asinitafute kabisa.

Alilifikiria hilo kwa muda, akaniuliza nani atalipia chai. Nikamwambia anayeshangiliwa ndiye alipaye.