Leseni ya Feri Isomwe na Abiria

Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivusha watu kutoka Mtongwe kuelekea kisiwani Mombasa ilipinduka karibu na ufuko. Watu 272 walifariki. Chombo kile kilistahili kubeba watu 300. Siku hiyo kilikuwa na takriban 400. Miaka 24 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania. Kiwango chake kilikuwa watu 100. Waliofariki pekee walizidi 220.

Vyombo vyote viwili vilikuwa mali ya umma. Hili halina budi kukumbukwa, kwa maana kila msiba unapotokea husikika sauti zikiitaka serikali iwabane wenye feri za kibiashara. Na wabanwe. Wanaovusha watu na magari kati ya Mbita na Luanda Kotieno, na wenye mashua za abiria zitokazo Mokowe kwenda Lamu, wakaguliwe vyombo vyao, nahodha awe na cheti, na jaketi za kujiokolea zitoshe watu wote. Lakini serikali impayo leseni mwenye chombo cha binafsi haina budi kuipima feri yake yenyewe kwa mizani ile ile, na kuisimamisha gatini inapokosa sifa.

Sheria hazikosekani. Mamlaka inayosimamia vyombo vya majini (KMA) ina sheria yake ya 2006, na Sheria ya Meli za Biashara ilipitishwa mwaka wa 2009. Zote mbili zimeandikwa kwa Kiingereza. Katika vyombo kadhaa nilivyowahi kupanda, cheti cha ukaguzi kilikuwa kimetundikwa chumbani mwa nahodha, kwa Kiingereza hicho hicho, mahali ambapo abiria hafiki. Cheti cha namna hiyo ni mazungumzo baina ya mwenye chombo na mkaguzi. Mkaguzi naye hayupo kila safari. Abiria ndiye aliyepo.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nikirudi kwenye taaluma yangu. Hata pale idadi inapofasiriwa, aghalabu huandikwa hivi: “Uwezo: watu 300.” Katika Kiswahili, uwezo ni nguvu, na nguvu husifiwa. Mwenye uwezo wa kubeba magunia mawili huombwa ajaribu la tatu. Neno hilo halimwambii mtu kwamba wa 301 haruhusiwi. Isitoshe, abiria ni nani? Mama mwenye mtoto mgongoni ni mmoja au wawili? Mchukuzi wa mizigo je, na utingo wa lori? Kila mmoja wao ana uzito, na kila mmoja huhitaji jaketi ya kujiokolea. Ingekuwa bora kuandikwe: “Chombo hiki kisipakie zaidi ya watu 300, wakiwemo watoto wachanga na mabaharia.” Ni sentensi ndefu kidogo, ila haina mlango wa kutorokea.

Yamkini wapo watakaosema kwamba kazi ya kuhesabu ni ya makarani, si ya abiria. Kivukoni Likoni waendao kwa miguu hawalipi nauli, na hilo ni jambo jema. Lakini maana yake ni kwamba hakuna tikiti za kuhesabiwa. Saa za asubuhi, umati unapokimbilia kazini na shuleni, mlinzi wa lango anapowazuia watu wao huona ni ukaidi wake tu. Nambari iliyoandikwa mbele ya macho yao ingempa mlinzi huyo nguvu ya kusema, na ingempa mwalimu mwenye wanafunzi 40 sababu ya kungoja feri inayofuata.

Tangu mwaka wa 2010 Katiba yetu, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwa hiyo tunachoomba si hisani. Masharti ya leseni yaongezwe moja: kwamba hakuna feri, ya binafsi au ya umma, itakayopewa leseni kabla ya idadi yake kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Na iandikwe nje, langoni, ambapo mtu bado anaweza kurudi nyuma.