Gumba la Mtoto Si la Kufungwa Uzi

"Kifungeni uzi, kitakauka, kitaanguka." Ndivyo wanavyoambiwa wazazi wengi mtoto akizaliwa na gumba la ziada, iwe Mpale huko Korogwe, iwe Handeni, iwe Dar es Salaam. Msemaji mara nyingi ni bibi mwenye huruma aliyewahi kuuona uzi ukifanya kazi. Lakini alichokiona ni kinyama kisicho na mfupa, kinachoning'inia pembeni mwa kidole cha mwisho. Gumba ni habari nyingine kabisa.

Gumba pacha lina mfupa na kucha, na aghalabu linachangia kiungo na mwenzake. Yote mawili huwa membamba, kwa kuwa yamegawana kilichopaswa kuwa cha moja. Lile dogo la nje, ambalo kila mtu anatamani litoke, ndilo mara nyingi linaloshikilia misuli ya kiganja na kano za kiungo. Ukiliondoa kwa uzi au wembe, umeng'oa nguzo ya linalobaki. Litalegea, litapinda kadiri mtoto anavyokua, na siku ya kushika kalamu au kupukuchua mahindi halitakuwa na nguvu. Sijataja bado usaha na pepopunda. Daktari bingwa hakati tu: huhamishia misuli na kano kwenye gumba linalobaki, hunyoosha mfupa, hulishikiza kwa waya mwembamba hadi lipone. Kwa kawaida kazi hii hufanywa mtoto akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Haraka ya wiki ya kwanza inatoka wapi?

Asiye na gumba naye huachwa, eti atazoea. Lakini tiba ipo: mwaka 1971 Dieter Buck-Gramcko, daktari wa upasuaji wa Hamburg, Ujerumani, alichapisha njia yake ya kukifupisha na kukizungusha kidole cha shahada kiwe gumba. Zaidi ya hapo, kukosa gumba huweza kuashiria ugonjwa wa moyo, figo au damu. Kumwacha bila kumpima ni kuhatarisha uhai wake.

Kwa Korogwe, muuguzi wa zahanati aandike rufaa kwenda hospitali ya Magunga, na Magunga imfikishe mtoto hospitali ya Bombo mjini Tanga au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam. Sera ya nchi inamsamehe mtoto wa chini ya miaka mitano gharama za matibabu katika vituo vya umma. Kinachowakwamisha wengi ni nauli, na hiyo ukoo na halmashauri waichangie.