Kila Mlima na Gia Yake

Wahenga walinena kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Mimi naongeza kuwa kila mlima una gia yake. Nasema hivi kwa sababu nawaona wenzangu wengi hapa shuleni wakichagua baiskeli kwa kutazama rangi na wingi wa gia. Muhula mmoja ukiisha, baiskeli iko nyuma ya nyumba, kuku wanailalia. Pesa za mzazi zimekwenda hivyo.

Mwaka jana babangu aliniletea Black Mamba kuukuu kutoka Ahero. Mwenyewe alikuwa akiiendesha katika uwanda wa Kano, ambako ardhi ni tambarare kama meza, na huko ilikuwa ikikimbia ajabu. Lakini sisi tunaishi huku Maragoli, kwenye mawe na vilima. Asubuhi ya kwanza nilifika katikati ya mlima, miguu ikagoma. Nikashuka, nikasukuma. Nilisukuma wiki tatu nzima, na siku moja nilichelewa hadi nikakosa nusu ya jaribio la Hesabu. Nyumbani wakasema ati mimi ni mvivu. Nusura baba aiuze.

Kumbe kosa halikuwa langu wala la baiskeli. Mwalimu wa Fizikia alipotufundisha mashine, nilikwenda nikahesabu meno. Gia ya mbele, ile ya kwenye pedeli, ilikuwa na meno 44, na ya nyuma 18. Maana yake, ukizungusha pedeli mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka karibu mara mbili na nusu. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa kama mita 2.2, kwa hivyo mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka kama mita 5.4. Kwenye tambarare hiyo ni raha. Mlimani ni adhabu, kwa sababu miguu inalazimishwa kwenda mbali kwa mkanyago mmoja huku ikiinua mwili, mkoba na baiskeli yenyewe.

Fundi wa sokoni aliniwekea gia ya nyuma ya meno 22, akaongeza kipande cha cheni maana ya zamani ilikuwa fupi. Sasa mzunguko mmoja unanipeleka mita 4.4 tu, na nguvu ya kukanyaga imepungua kwa karibu asilimia 18. Lakini hakuna cha bure. Katika kilomita moja nazungusha pedeli kama mara 227 badala ya 185, na kwenye tambarare wenzangu wananipita wakicheka. Wacheke tu. Mlimani nawapita wakisukuma.

Najua mtu ataniuliza, "Kwa nini usinunue baiskeli ya gia nyingi, uwe na ya mlima na ya tambarare?" Swali zuri. Mwenye uwezo na anunue. Ila kwanza aulize kama fundi wa kwao anaweza kuitengeneza, maana kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kikigonga jiwe hupinda, na cheni huanza kuruka. Tena lazima ajue kuzitumia. Abadilishe gia kabla ya kuanza kupanda, pedeli zikiwa bado nyepesi, wala si katikati ya mlima akiwa amesimama juu ya pedeli. Na asisahau kwamba aliyepanda atateremka, na hapo kinachomwokoa ni breki, si gia.

Maoni yangu basi ni haya. Kabla ya kununua, tembea njia yako kwa miguu ukiitazama vizuri, kisha hesabu meno ya baiskeli unayouziwa. Anayeishi kwenye tambarare, 18 zinamtosha. Mwenye vilima atafute 20 au 22. Anayebeba mitungi ya maji au mdogo wake nyuma, achukue ile kubwa hata kama njia yake si mbaya sana.

Vijana tunapenda mwendo wa kasi, nami pia naupenda. Lakini kengele ya shule haimsubiri mwenye baiskeli ya kasi anayeisukuma mlimani. Ndugu msomaji, usinunue baiskeli ya barabara ya mwenzako.