Kiswahili Kimo, ila Hakiji Bila Kuitwa

Kwa miaka mingi wataalamu na wapenzi wa Kiswahili nchini Kenya wamevutana iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mvutano huo haukuwa wa bure, maadamu lugha isiyojadili msamiati wake hudumaa. Hata hivyo, umezaa kasumba moja isiyosemwa sana: kwamba lugha ikishakipa kitu jina, imekwisha kukimiliki. Yeyote anayedhani hivyo na ajaribu kusakinisha programu iitwayo Tesseract.

Tesseract husoma picha ya ukurasa uliochapwa na kuigeuza kuwa matini yanayoweza kutafutwa, kunakiliwa na kuhaririwa. Ilianza kubuniwa katika maabara za Hewlett-Packard mnamo 1985, ikaachiwa umma mwaka wa 2005, na kuanzia 2006 ikafadhiliwa na Google kwa miaka kadhaa. Hailipiwi hata senti. Kwa mwanafunzi wa uzamili anayechunguza, tuseme, mashairi yaliyochapishwa katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka wa 1923, chombo hiki si anasa. Mwanafunzi huyo hutoka maktabani na picha za kurasa tumbi nzima. Asipokuwa na msaada, huketi na kuzichapa upya moja baada ya nyingine, na muda uliokusudiwa uchanganuzi humalizikia vidoleni. (Walio na miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu bado hawajafikiwa hapa, data ya Kiswahili inayozungumziwa ni ya hati za Kilatini.)

Ugumu ni kwamba Tesseract haina madirisha wala vitufe vya kubofya. Huendeshwa kwa amri zinazoandikwa kwa mkono. Tena, aghalabu huja ikiwa na Kiingereza peke yake. Kiswahili kimo katika hazina yake, katika faili yenye jina fupi la swa, lakini hakina budi kuitwa, na kila mfumo endeshi una mlango wake wa kukiitia.

Katika Ubuntu, ambayo ni mojawapo ya jamii za Linux, mlango uko wazi. Mtumiaji huandika «sudo apt install tesseract-ocr tesseract-ocr-swa» na mambo yakaisha. Linalowatisha wageni ni nywila: mfumo huiomba, na katika matoleo mengi mtu anapoichapa hakuna chochote kinachoonekana kwenye skrini, hata kinyota kimoja. Wengi hudhani kibodi imekufa. Haijafa, chapa hadi mwisho, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza.

Mwenye tarakilishi ya Apple hana budi kutangulia kuweka Homebrew, ambayo ni programu ya kuletea programu nyingine, na Homebrew nayo hudai zana za Apple zenyewe ziwepo kwanza. Ndipo huandika «brew install tesseract». Akiishia hapo amepata Kiingereza. Kiswahili kimo katika furushi la pili, tesseract-lang, ambalo hubeba lugha zaidi ya mia moja kwa pamoja. Anayenunua intaneti kwa vifurushi vya siku atalipia lugha hizo zote ili apate moja.

Windows ndiyo inayotumiwa na wanafunzi wengi, na ndiko wengi wanakokwama. Kisakinishi chake hutayarishwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Mannheim, Ujerumani. (Maktaba! Si idara ya uhandisi.) Kinapofunguliwa huuliza maswali kadhaa, na kwa mazoea mtu hubofya kukubali, kukubali, kukubali. Katika mojawapo ya kurasa hizo ndimo ilimo orodha ya lugha za ziada. Anayeipita bila kuifungua na kuteua Kiswahili ameondoka bila hicho alichokijia. Isitoshe, akifungua dirisha la amri na kuandika «tesseract», yamkini ataambiwa kwa Kiingereza kwamba neno hilo halitambuliki kama amri. Hapo wengi hukata tamaa, hufuta kila kitu na kuanza upya, kisha hupata jibu lile lile.

Ilhali programu imo. Neno sakinisha lenyewe, lililochipuka kutoka sakini, lenye maana ya kukaa mahali, linaeleza kisa hiki vizuri: mpangaji ameshahamia nyumbani, ila jina lake halimo katika daftari la bawabu. Daftari hilo huitwa Path. Mtumiaji hufungua mipangilio ya mfumo, huingia katika orodha hiyo na kuongeza anwani ya folda ilimo Tesseract, ambayo kwa kawaida ni «C:\Program Files\Tesseract-OCR». Kisha hufunga dirisha la amri na kulifungua jipya, kwani lililokuwa wazi bado lina daftari la zamani.

Maelezo haya ni ya aya chache tu, lakini ni nadra mno mwanafunzi kuyapata kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, nao ulifanya kazi ya kupongezwa ya kutafsiri menyu. Katika dirisha la amri, hata hivyo, hakuna menyu ya kutafsiri. Amri ni zile zile kwa Mjerumani na kwa Mgiriama. Kinachohitajika hapo si istilahi. Ni sentensi zilizonyooka, zinazomwambia mtu aandike nini, ataona nini, na afanye nini asipokiona. Hiyo ni kazi ya nathari, na nathari ndiyo inayofundishwa katika idara za Kiswahili.

Wapo watakaosema hiyo ni kazi ya watu wa sayansi ya tarakilishi. Hoja hii haina mashiko. Watu hao wana mwongozo wao wa Kiingereza na unawatosha. Tena hawana haja na faili ya swa, sembuse mashairi ya mwaka wa 1923. Anayeihitaji ni mwanafunzi wa fasihi, na mwalimu wake ndiye angeweza kudai mwongozo wa kurasa mbili kama zoezi la muhula, ukajaribiwa katika mifumo yote mitatu na watu wasiowahi kufungua dirisha la amri.

Jaribio la zoezi hilo halihitaji mtahini. Msomaji wa mwongozo huandika «tesseract --list-langs», na mashine hupanga lugha ilizo nazo, moja chini ya nyingine: eng, kisha osd, ambayo si lugha bali ni data ya kutambua mwelekeo wa ukurasa, kisha swa. Isipokuwapo swa, mwongozo huo urudishwe kwa mwandishi wake.