Haki za Dada Zetu Uarabuni Zianzie Kwetu

Msichana anayetoka Tanga kwenda kufanya kazi za ndani Doha, na mwenzake wa mtaa uleule anayekwenda Riyadh, huondoka kwa matumaini yaleyale lakini huangukia katika sheria mbili tofauti. Qatar ilitunga sheria ya wafanyakazi wa majumbani mwaka 2017: kazi isizidi saa 10 kwa siku, na kila wiki wapate siku moja ya kupumzika. Tangu Machi 2021 kima chake cha chini cha mshahara, riyali 1,000 kwa mwezi, kinawahusu na wao. Saudi Arabia iliwaacha nje ya sheria yake ya kazi ya 2005, na kanuni ilizowatungia mwaka 2013 ziliwapa saa 9 tu za mapumziko kwa siku. Maana yake tajiri aliweza kumfanyisha mtu kazi saa 15 na asiwe amevunja kanuni yoyote. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini waliozitumikia hawalipwi usingizi wao.

Hata pale sheria ilipo nzuri, mlango wa nyumba umefungwa. Chini ya mfumo wa kafala, yaani udhamini, kibali cha mgeni kuishi nchini kimefungwa kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na akitoroka mateso anaweza kuripotiwa kuwa mtoro. Mkaguzi wa kazi huingia kiwandani, sebuleni kwa mtu haingii kirahisi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima juu ya Watanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Humo wanawake walieleza kunyang'anywa pasipoti, kutolipwa mishahara, kupigwa. Wengi wetu tulikuwa tumeshayasikia hayo kwa shangazi na majirani kabla hayajaandikwa.

Hatuwezi kupiga kura Riyadh wala Muscat. Lakini wakala aliyempeleka binti yetu yupo hapa. Ofisi yake iko hapa, akaunti yake ya benki iko hapa, leseni yake inatolewa na serikali yetu. Hapo ndipo mkono wetu unapofika, na ndipo nawaomba tushike.

Wafilipino walishafanya hivyo. Machi 1995 mwanamke wao aliyekuwa mtumishi wa ndani, Flor Contemplacion, alinyongwa Singapore kwa kosa la mauaji. Wananchi wakafurika barabarani wakiilaumu serikali yao kwamba ilimtelekeza. Miezi michache tu baadaye, Juni mwaka huohuo, ilipitishwa sheria ya wafanyakazi walio ng'ambo, na ndani yake kipengele ambacho naona kinazidi vingine vyote: wakala na mwajiri wa nje wanawajibika pamoja kwa madai ya fedha ya mfanyakazi. Aliyedhulumiwa mshahara ng'ambo anaweza kumdai wakala huko kwao, kwa lugha yake, mbele ya chombo cha nchi yake. Na mwaka 2018, baada ya mfanyakazi wao kukutwa amekufa ndani ya friza Kuwait, waliisimamisha safari ya wafanyakazi kwenda huko hadi yakasainiwa makubaliano: mwajiri asishike pasipoti, na mfanyakazi abaki na simu yake.

Basi tudai kipengele kama kile cha wakala na mwajiri kuwajibika pamoja kiandikwe katika sheria zetu bila mwanya, Bara na Zanzibar. Tudai kila mkataba usomwe kwa Kiswahili na nakala ibaki kwa familia kabla ya safari. Vikundi vya VICOBA vinavyokopesha nauli viulize mkataba kwanza. Masheikh na wachungaji watangaze kwamba kusafiri kwa viza ya matembezi kwenda kufanya kazi ni kujivua kinga zote. Na waliorudi, tafadhali msinyamaze kwa aibu isiyo yenu. Nendeni CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, mkaandikishe yaliyowapata.

Lipo na la kwetu wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Bara, inamhusu dada wa kazi kama inavyomhusu karani: saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka. Ni nyumba ngapi Sinza au Mbezi zinazomtimizia haya? Anayeamka saa kumi alfajiri kuchemsha chai na kulala wa mwisho usiku ana dai lilelile tunalolipeleka Uarabuni. Tumwandikie mkataba mwezi huu, tumpe siku yake.

Bunge la bajeti hukaa Dodoma kuanzia Aprili. Kabla mbunge wako hajaondoka jimboni, mwulize mkutanoni mbele ya watu: binti aliyedhulumiwa mshahara Muscat amdai nani hapa nyumbani, kwa kifungu kipi? Jibu lake liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano.