Baiskeli ya kwenda Santiago: kodi, usinunue

"Nguo ya kuazima haisitiri matako." Hilo ndilo rungu la kwanza ninalopigwa nalo kila ninapomshauri mtu anayetaka kwenda hija ya Santiago de Compostela kwa baiskeli kwamba akodi, asinunue. Na wanaouliza wanaongezeka. Tarehe 25 Julai 2027, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, itaangukia Jumapili, na kila inapokuwa hivyo Santiago huadhimisha Mwaka Mtakatifu. Uliopita ulikuwa 2021, ukaongezwa hadi 2022 kwa sababu ya korona.

Hapa nazungumza na hujaji wa aina moja: anayetoka Arusha, Nairobi au Bukavu kwa ndege, mwenye likizo ya wiki mbili tatu, anayetaka kuifuata Njia ya Kifaransa. Hiyo huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ikapanda milima ya Pirenei na kukatiza kaskazini mwa Hispania kwa takriban kilomita 780. Mwendesha baiskeli wa kawaida huimaliza kwa siku 12 hadi 15.

Tuanze na hoja inayopendwa zaidi: ukinunua, baiskeli inabaki yako. Ni kweli, inabaki yako. Inabaki yako ukiwa Santiago, siku moja kabla ya ndege, ukiwa huna boksi la kuifungia, kwa sababu boksi uliliacha mwanzo wa safari, mamia ya kilomita nyuma. Sasa utafute boksi, ufungue pedeli na gurudumu la mbele, ugeuze usukani, upime uzito usivuke kilo 23, ulipie shirika la ndege mzigo wa ziada, kisha uende ukajieleze kwa watu wa forodha nyumbani. Posta ya Hispania, Correos, ina huduma ya kusafirisha baiskeli za mahujaji na ofisi yake iko karibu na kanisa kuu, lakini hiyo humfaa zaidi anayeishi Madrid kuliko anayeishi Mwanza.

"Basi iuze hukohuko." Hoja hii huwa inanichekesha. Santiago ni mji wa watu takriban laki moja ambao kila siku ya kiangazi hupokea mahujaji waliomaliza safari, na wenzako kadhaa wamefika na wazo hilohilo. Mnunuzi anajua ndege yako ni kesho. Katika biashara hiyo nani atampangia mwenzake bei?

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme umepata baiskeli ya euro 350, nayo ni ya bei ya chini kwa safari hii. Ongeza keria na mabegi ya pembeni, kofia ngumu (sheria ya Hispania inailazimisha kwenye barabara za nje ya miji), taa, kufuli, pampu, tyubu za akiba na viraka: euro 150 zimekwenda. Jumla 500. Ukiiuza 150 umeshukuru Mungu, na bado imekugharimu 350. Ukikodi kwa wiki mbili kwa, tuseme, euro 250, mara nyingi vifaa hivyo vyote vimo, baiskeli unaikuta hotelini Pamplona au Burgos, na ukifika Santiago unaikabidhi na kwenda kanisani. Bei hubadilika kwa msimu na kwa duka, kwa hiyo badilisha tarakimu zangu upendavyo. Ila hakikisha umeandika kila mstari, si bei ya baiskeli peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Baiskeli mpya kutoka dukani haijatulia. Katika kilomita mia chache za mwanzo nyaya za gia na breki hulegea na spoku hudai kukazwa. Fundi yeyote wa baiskeli pale Kariakoo atakueleza hivyo. Nyumbani ungeirudisha kwa fundi wiki ya pili. Njiani, wiki ya pili ndiyo milima ya León.

Hapo tunafika kwenye hoja ya wazee wetu, nami naiheshimu: "Mimi nimeendesha Phoenix miaka thelathini, nimebeba gunia la mahindi na mke juu. Baiskeli yoyote itanifikisha." Mzee, miguu yako sina shaka nayo. Nina shaka na breki. Baada ya tambarare ndefu kati ya Burgos na León, ambako hata Phoenix ingejisikia nyumbani, njia inapanda hadi Cruz de Ferro, msalaba wa chuma juu ya mlingoti wa mti, kwenye kimo cha takriban mita 1,500. Kisha inaporomoka hadi Molinaseca, karibu mita 900 chini, ndani ya kilomita zisizofika 20. Katikati ya mteremko huo, kwenye kijiji cha El Acebo, kuna kumbukumbu yenye umbo la baiskeli ya chuma, iliyowekwa kwa hujaji Mjerumani aliyefariki akiwa njiani kwa baiskeli. Sipendi kutisha watu, lakini kila anayepanga kununua baiskeli ya bei ya chini kabisa kwa safari hii namtajia kumbukumbu ile. Unapokodi, dai breki za diski na gia nyepesi za kupandia, na umwambie mwenye duka urefu wako kwa sentimita. Ukinunua kwa haraka siku ya kwanza ugenini, utapewa iliyopo.

Wengine wamekuja na ujanja mpya: nunua ya umeme, upande milima bila jasho, kisha urudi nayo. Panda nayo milima, sawa. Kurudi nayo haiwezekani. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi saa-wati 160, na betri ya baiskeli ya umeme kwa kawaida huvuka 400. Utarudi na fremu nzito isiyo na moyo.

Kuhusu madai kwamba mwenye baiskeli hahesabiwi kuwa hujaji, hayo hayahitaji maneno mengi. Ofisi ya Mahujaji hutoa cheti cha Compostela kwa aliyeendesha angalau kilomita 200. Mtembea kwa miguu anatakiwa 100. Ndiyo maana wengi wenye siku chache huanzia Ponferrada. Walichopatia kidogo tu wanaodai hivyo ni suala la malazi: hosteli nyingi za umma huwapa kipaumbele watembea kwa miguu, na mwenye baiskeli husubiri hadi jioni. Panga bajeti ya nyumba za wageni za binafsi.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao. Kama unaishi Brussels au Munich na utaendelea kuiendesha kwenda kazini, nunua, izoee miezi mitatu, nenda nayo. Kama safari yako ni ya miezi miwili, kodi ya kila siku itakumaliza; nunua. Na ile methali ya nguo ya kuazima ina ukweli wake kwenye baiskeli, mahali pamoja tu: kiti. Kiti cha mtu mwingine kitakuadhibu kuanzia siku ya pili. Kwa hiyo fungua kiti ulichokizoea nyumbani, kiweke kwenye begi, ukakifunge kwenye baiskeli ya kukodi. Hakifiki hata kilo moja na hakuna wa kukulipisha.

Hoja ya mwisho ndiyo inayonipa kazi, kwa sababu wanaoitoa wamekaribia ukweli: "Ukikodi lazima ulipe mapema, na sisi wa pasipoti hizi hatujui kama viza itatoka." Ni kweli. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, ada yake ni euro 90 ambayo hairudishwi, na bima ya angalau euro 30,000 inahitajika juu yake. Kuongeza baiskeli iliyolipiwa kwenye bahati nasibu hiyo kunaogofya. Lakini dawa yake ni barua pepe moja. Kabla hujatuma hata senti, muulize mwenye duka: nikinyimwa viza, nitarudishiwa pesa yangu yote? Akikwepa swali, tafuta mwingine, na umtafute mapema, maana wa 2027 watakuwa wengi.