Dawa Huulizwa, Haiachwi Kimya Kimya



Miongoni mwa mambo tunayoletewa na wazee wa watoto wasomao chuoni, limo hili: mtu ameandikiwa dawa ya kumeza kila siku, kisha akasikia kwa jirani, au akasoma katika simu, kwamba dawa ile yaharibu figo au yadhuru mimba. Naye haendi kumuuliza tabibu. Huificha chini ya godoro, akaacha kuimeza, na kila akiulizwa nyumbani husema anameza. Jambo hili lina hatari kubwa, na mwezi huu twapenda kulieleza.

Natuchukue mfano wa dawa ijulikanayo katika nchi zetu: kile kidonge kimoja kwa siku wapewacho wenye virusi vya ukimwi, ambacho ndani yake mna dawa tatu, tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hakivimalizi virusi mwilini, bali huvizuia visizaane, na mwenye kukimeza barabara huweza kuishi, kuoa na kuzaa kama wenziwe.

Na yule aliyeogopea mimba hakuogopa upuuzi. Mwezi wa Mei 2018 zilitoka habari Botswana kwamba katika wanawake 426 walioshika mimba hali wakiimeza dolutegraviri, wanne walipata watoto wenye kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Kwa waliotumia dawa nyingine, kasoro hiyo ilikuwa kama mmoja katika kila elfu. Nchi kadhaa zikasita kuwapa dawa hii wanawake wenye umri wa kuzaa. Julai ya mwaka ule ule, wanawake 39 wenye virusi, kutoka nchi 18 za Afrika, walikutana Kigali. Walitaka waelezwe hatari na faida zote mbili, kisha waachiwe wachague wenyewe. Uchunguzi nao haukusimama. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitanguliza dawa hii kwa watu wote, wanawake wakiwamo. Na ilipofika 2022, wakiwa wamekwisha kuhesabiwa zaidi ya wanawake 9,000 walioshika mimba wakiimeza, ilionekana kasoro ile ni karibu mmoja katika elfu, sawa na kwa wengine.

Basi tazameni tofauti. Waliouliza mahali panapohusika walipata jawabu. Aliyeiacha dawa kwa siri hakupata jawabu lolote, ila alivipa virusi nafasi ya kuzaana upya, na kama ni mja mzito, vikaweza kumfikia mtoto tumboni.

Ama tabibu naye hawezi kupima asichoambiwa. Dawa yaweza kuwa salama kwa Ali na isiwe salama kwa Omari, kwa sababu ya kingine alichonacho Omari mwilini. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huishika dolutegraviri tumboni isiingie katika damu ipasavyo. Kwa hiyo kidonge humezwa saa 2 kabla yake, au saa 6 baada yake. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huwa vivyo hivyo, ila hivi vyaweza kumezwa pamoja nacho iwapo ni pamoja na chakula. Mwenye kifua kikuu atumiaye rifampisini huongezewa dolutegraviri nyingine ya miligramu 50, baada ya saa 12. Mwenye kisukari huenda akapunguziwa metformini, kwani dolutegraviri huizidisha katika damu. Mwenye maradhi ya figo hana budi aseme, kwa sababu ya tenofoviri. Na mwenye homa ya ini ya aina ya B asiache kidonge hiki ghafla kabisa, kwani dawa mbili zilizomo huzuia pia maradhi hayo, na zikikatwa ini laweza kuumia vibaya.

Katika kusema yote, zisisahauliwe dawa za nyumbani: habbat sauda, mwarobaini, mizizi ya mganga. Watu wetu huona haya kuzitaja mbele ya daktari, wakidhani watachekwa. Haya ni sifa njema, lakini mahali pake si hapa. Kumweleza tabibu habari ya mwili wako si kujifedhehesha, bali ni kuweka amana kwa mwenye wajibu wa kuihifadhi. Wala dua haipingani na kidonge. Mtu huomba na huku akimeza.

Sasa, yafaa tabibu aulizwe nini? Kwanza, dawa hii yanifaa nini, na nikiiacha patakuwaje? Pili, madhara gani ni ya kawaida, na yepi ni ya kukimbilia hospitali? Kukosa usingizi au kuumwa kichwa katika siku za mwanzo hutokea. Lakini macho kuwa manjano, au vipele pamoja na homa, si ya kungojea kesho. Tatu, figo na ini langu vitapimwa lini? Nne, nikisahau siku moja nifanye nini?

Na Ramadhani? Kidonge cha mara moja kwa siku chaweza kumezwa wakati wa kufuturu au wa daku, lakini kuhamisha saa kuulizwe kabla ya mwezi kuandama. Si dawa zote za virusi zilizo hivyo. Asikloviri, apewayo mwenye mkanda wa jeshi, huandikwa mara 5 kwa siku kwa muda wa siku 7 au zaidi, nayo yataka maji ya kutosha ili isidhuru figo. Mgonjwa huyo asijikalifishe. Sheria yetu imempa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine.

Enyi vijana mliosoma, hapa mna kazi. Bibi aendapo hospitali, fuataneni naye ikiwa aridhia. Mwandikieni katika karatasi kila akimezacho, za dukani na za mitishamba, na makasha yake yatieni mfukoni. Arudipo, msomeeni alichoagizwa. Na mkimkuta mtu ameficha dawa chini ya godoro, msimkemee wala msimtangaze. Mwulizeni aogopa nini, kisha mpelekeni kwa anayeweza kumjibu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie ulimi wa kusema kweli mbele ya anayetutibu. Amin.